Miguu Husema Palipoumia

Sisi watu wa Shabunda twaujua mchikichi: hutupa mawese, lakini atelezaye juu yake huanguka vibaya. Tukimwinua upesi kwa makwapa, pengine tunamdhuru zaidi, maana mfupa uliovunjika ukisogea huumiza mishipa ya fahamu.

Ndani ya uti wa mgongo mna ugwe, nao huishia karibu na kiuno. Chini yake mishipa huning'inia kama mkia wa farasi, na kila jozi ina kazi yake kubwa. Moja huinua paja. Ifuatayo hunyosha goti. Nyingine huinua wayo. Ya tano ya kiuno huinua kidole gumba cha mguu. Ile iliyo chini yake hutusimamisha kwa ncha za vidole. Hivyo mtu aweza kunyosha goti vema, na huku wayo umelegea. Hapo mganga hutambua palipoumia.

Nguvu hupimwa kwa alama 0 hadi 5, desturi iliyowekwa Uingereza wakati wa vita vya 1939–1945. 0 ni msuli usiotikisika; 3 ni mguu uinukao wenyewe, ila ukisukumwa hushindwa; 5 ni nguvu kamili. Alama zikishuka siku kwa siku, hatari yazidi.

Basi, ndugu, aliyeanguka asiketishwe. Tumlaze juu ya ubao, kichwa na mgongo vimenyoka, tumchukue watu wengi pamoja. Akishindwa kukojoa, au akifa ganzi makalioni, tusikawie: mishipa yasongwa, na njia ya Bukavu ni ndefu.