Monika: Mama aliyeomba hadi mlango ukafunguka

ZIPO nyumba nyingi za Kikristo ambamo mazungumzo ya imani yamegeuka ugomvi. Mama akimkumbusha kijana wake habari za ibada, kijana anachukua simu na kutoka nje. Mke akigusia jambo la kanisani, mume anaongeza sauti ya televisheni. Miaka inapita, kila mmoja ananyamaza, na anayeamini anabaki na swali moyoni: aseme nini tena, na aseme lini?

Swali hilo si geni. Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Kolosai alikuwa kifungoni, lakini hakuwaomba wamwombee atoke gerezani. Aliomba wamwombee apate mlango wa kuutangaza ujumbe wake, na akiupata ajue namna ya kusema. Kabla ya hapo aliwahimiza wasilegee katika sala na wawe macho. Kwake nafasi ya kuieleza imani ilikuwa kitu cha kuombwa, si cha kulazimishwa.

Mwanamke aliyeliishi somo hilo ndani ya familia ni Monika, aliyekuwa akiishi Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Habari zake zinafahamika kupitia kitabu cha Maungamo cha mwanawe, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354.

Mume mwenye hasira

Mume wake, Patricius, hakuwa Mkristo. Alikuwa mkarimu, lakini mwepesi wa hasira, na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Augustino anaeleza kwamba mama yake hakubishana naye wakati amekasirika. Alisubiri atulie, ndipo akamweleza jambo lake. Mama mkwe naye alikuwa amejazwa maneno ya uchochezi na watumishi wa nyumbani, lakini upole wa Monika ulimgeuza akawa upande wake.

Subira hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa ya mtu kuvumilia kipigo. Patricius, pamoja na ukali wake, hakuwahi kumpiga mkewe. Mwishoni mwa maisha yake aliipokea imani ambayo aliiona kwanza katika mwenendo wa mke wake kabla ya kuisikia kwa maneno.

Mwana aliyekimbia

Kwa Augustino kazi ilikuwa ngumu zaidi. Akiwa kijana msomi alijiunga na Wamanikeo, waliofundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nuru na giza. Mwanzoni Monika alikataa hata kula naye meza moja. Baadaye, baada ya ndoto iliyompa tumaini, alimpokea tena nyumbani.

Alimwendea askofu mmoja akimsihi azungumze na mwanawe. Askofu alikataa. Alimwambia kijana bado ana kiburi cha mafundisho mapya, hivyo amwache kwanza na aendelee kumwombea. Kwa kusoma mwenyewe atagundua kosa lake. Monika alizidi kulia na kusihi, mpaka askofu akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana anayeliliwa hivyo apotee.

Mwaka 383 Augustino alipotaka kwenda Roma, mama yake aliomba asisafiri. Kijana alimdanganya, akapanda meli usiku wakati Monika akisali katika kanisa dogo karibu na bandari ya Karthago. Asubuhi mama alikuta meli imeondoka.

Ilionekana kana kwamba sala imekataliwa. Kumbe safari hiyo ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, ambako alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi kwa sababu tu ya ufasaha wake. Taratibu, mahubiri yale yakaanza kumgusa. Mlango ulifunguka, ila si mahali ambapo mama aliusubiri, na aliyeingia kwanza na neno alikuwa mtu mwingine.

Monika alimfuata mwanawe ng’ambo ya bahari. Alipoambiwa kuwa amewaacha Wamanikeo lakini bado hajawa Mkristo, hakumshambulia kwa maswali. Alimjibu kwa utulivu kuwa anaamini atamwona akiwa muumini kabla yeye hajafa, kisha akarudi kwenye sala. Augustino aliamini mwaka 386 na kubatizwa Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huohuo Monika alifariki Ostia, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

La kufanya nyumbani

Kwa anayeombea ndugu yake leo, historia hii ina mambo ya kushika. Mtaje mtu huyo kwa jina kila siku. Omba nafasi, na omba pia ulimi wa kuitumia. Kisha uwe macho, kwa kuwa nafasi huja bila kupiga hodi: swali la ghafla mezani, msiba, ugonjwa, au safari ndefu ya basi. Ikija, sema kwa ufupi, halafu sikiliza. Isipokuja, endelea kupika, kuchekesha na kusaidia kama kawaida. Ndugu asigeuzwe mradi.

Na ikitokea mwingine ndiye atakayezungumza naye hadi akaelewa, mshukuru Mungu. Monika hakulalamika kwamba Ambrosi ndiye aliyesikilizwa.