Tunauza Yai, Kisha Tunanunua Ute Wake kwa Mkebe



Bonasi ya chai ikitoka, wauzaji nao hufika. Mara ni sufuria, mara ni blanketi, na siku hizi kuna mikebe ya unga wa protini ya ute wa yai. Ati unga huu utawapa watoto nguvu na kuondoa uchovu wa kuchuma majani. Akina mama wa kikundi kimoja walituuliza: "Je, tutoe pesa za mzunguko tununue mikebe tugawane?" Swali hilo ni zuri. Hebu tulichambue pamoja kabla pesa hazijatoka.

Unga huu ni kitu gani?

Si dawa. Ni yai tu. Kiwandani mayai huvunjwa, na ute hutengwa na kiini. Sukari kidogo iliyomo kwenye ute huondolewa ili unga usigeuke rangi, kisha ute hukaushwa kwa hewa moto. Ute mbichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi. Maji yakiisha, kinachobaki ni protini kwa wingi: katika gramu 100 za unga safi, kama gramu 80 ni protini. Hiyo ndiyo hujenga misuli, damu na ngozi, nayo ya yai ni nzuri sana.

Basi muuzaji hadanganyi akisema protini imo. Lakini je, mkebe ndio njia yetu ya kuipata?

Tupige hesabu kwa trei

Yai moja zima lina kama gramu 6 za protini. Kilo moja ya unga safi ina kama gramu 800. Gawanya, utapata mayai 133, yaani trei nne na nusu hivi. Sasa uliza bei ya trei pale sokoni, zidisha kwa nne na nusu. Mkebe wa kilo ukizidi hapo, unalipa zaidi kwa protini ile ile. Tena soma karatasi ya mkebe, maana mingine imechanganywa na sukari na ladha. Mkebe wa namna hiyo una protini pungufu.

Kitu kilichobaki kiwandani

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Vitamini A na D za yai ziko kwenye kiini. Madini ya chuma na mafuta pia yako huko, na karibu nusu ya protini ya yai. Ukimpa mtoto unga wa ute badala ya yai, umemnyima hayo yote.

Na sisi wenyewe tunafanyaje? Asubuhi tunakusanya mayai, tunayapeleka dukani, tunarudi na mkate na sukari. Mtoto anakunywa chai na kula kimyet na mboga. Halafu bonasi ikitoka, tunanunua nusu ya yai ndani ya mkebe! Hapo ndipo tunapopotea.

Je, yai moja linasaidia?

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama gramu 13 za protini kwa siku. Yai moja humpa karibu nusu. Utafiti wa nchi ya Ekuador uliochapishwa 2017 uliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na waliodumaa walipungua sana. Lakini tusitie chumvi. Utafiti kama huo wa Malawi, uliochapishwa 2019, haukuona tofauti hiyo ya urefu. Watoto wa huko tayari walikuwa wakila samaki. Maana yake, yai husaidia zaidi pale ambapo sahani haina kitu kingine cha namna hiyo.

Na wakimbiaji wetu? Utafiti wa 2002 juu ya vijana wakimbiaji wa Kikalenjin ulionyesha kwamba protini yao ilitoka zaidi kwenye mahindi na maharagwe, nayo ilitosha. Mahindi peke yake yana upungufu, lakini maharagwe huujaza. Pure na githeri si chakula cha maskini!

Mambo ya kuangalia

Kwanza, mtoto aliyevimba miguu, nywele zimebadilika rangi na hataki kula, usimpe unga wa protini nyumbani. Huenda ni kwashiakoo. Mwili wake dhaifu hauwezi kubeba protini nyingi mara moja, na anaweza kuumia. Mkimbize hospitalini: Longisa, Kapkatet, Litein au Tenwek, popote palipo karibu. Huko ataanzishiwa maziwa maalum kidogo kidogo.

Pili, mgonjwa wa figo asitumie unga huu bila kuuliza daktari. Wengine hupunguziwa protini, wengine wanaosafishwa damu kwa mashine huongezewa.

Tatu, usinywe yai bichi. Likipikwa, mwili hupata protini yake karibu yote. Likiwa bichi hupata kama nusu tu, na laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

Nne, chai tuipendayo huzuia mwili kupata madini ya chuma ya mboga na maharagwe. Inywe saa moja hivi kabla au baada ya chakula.

Basi tufanye nini?

Kuku wa kienyeji wa kawaida hutaga kama mayai 50 kwa mwaka. Kuku watano ni mayai 250. Acha 90 ya kuangua, yanabaki 160: mayai matatu kila wiki kwa mtoto mmoja. Ukiwa na kumi, atapata karibu yai kila siku. Adui mkubwa ni kideri, ambacho humaliza boma zima kwa wiki moja. Chanjo yake ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu, na chupa moja hutosha kuku wengi. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi! Nunueni chupa pamoja, mwiteni afisa wa mifugo, mchanje kuku wa kijiji kizima siku moja.

Kisha wekeni sheria ndogo nyumbani: yai la kwanza ni la mtoto, yanayobaki ndiyo ya duka. Mtoto aanze akitimiza miezi sita, yai liive vizuri, aanze na kidogo. Akitokwa na upele au akivimba mdomo, acha na umwone mhudumu wa afya.

Maswali ya kujadiliana

1. Wiki iliyopita, nyumbani kwetu mayai mangapi yaliuzwa, na mangapi yaliliwa na watoto?
2. Bei ya mkebe mmoja ingenunua vifaranga wangapi?
3. Nani katika kikundi atafuatilia chanjo ya kideri, na lini?