Kweli au Uongo: Gari Kuukuu na Mlima wa Fizi

Baraka imekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Fizi iko juu milimani. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira ikifuata ziwa, inapita Baraka, kisha inaanza kupanda. Corolla au Carina inayoficha ugonjwa wake sokoni Baraka huutoa kwenye huo mlima. Basi kila dereva wa huku ana tiba yake aliyorithi garajini. Nyingine zinafaa. Nyingine humaliza injini haraka kuliko mashimo ya barabara.

"Nchi yetu ni ya joto, themostati ya nini? Itoe, gari halitachemka."

Uongo, na katika orodha hii ndio unaokula pesa nyingi zaidi. Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, vali imefunga na maji huzunguka ndani ya injini tu. Yakifika joto lake, nyuzi 82 hivi kwa Toyota nyingi za petroli, nta inavimba, vali inafunguka na maji yanakwenda rejeta. Ukiitoa, gari linatembea tambarare ya Baraka likiwa baridi siku nzima: linakula petroli zaidi na silinda zinalika upesi.

Wengi watajibu, "Sawa, lakini mlimani linasaidika." Si lazima. Katika injini nyingi themostati ina kazi ya pili: inapofunguka huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ikitolewa, njia hiyo inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto haipozwi kabisa, na hiyo ni hasara kubwa pale mlimani ambapo unahitaji kila tone lipite rejeta.

Kuipima hakuhitaji fundi. Ifunge kwa uzi, itundike ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, uwashe moto. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima, irudishe mahali pake. Maji yakichemka nayo imefunga, imekufa, nunua nyingine. (Sufuria hiyo isirudi jikoni.)

"Likichemka mlimani, gasketi ya silinda hedi imeungua."

Mara nyingi si kweli. Anza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: kifuniko cha rejeta. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi pale Baraka, na kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Kifuniko kizuri hufungia shinikizo ndani, na maji hayachemki mpaka yapite 115. Springi ikilegea au raba ikipasuka, kinga hiyo imekwisha. Tambarare hutaona lolote. Ukianza kupanda na watu watano na magunia mawili ya mihogo, mvuke unatoka. Baada ya kifuniko, tazama feni, mkanda wa pampu ya maji, na matundu ya rejeta yaliyozibwa na tope.

Gasketi iliyoungua ina dalili zake: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta tangu injini ikiwa baridi, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yanayopungua bila kuvuja popote. Usipoona hizi, usikubali hedi ifunguliwe.

Na ile desturi ya kumwagia injini iliyochemka maji ya baridi? Hedi za magari haya ni za aluminiamu, hupinda. Kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto ni kujiunguza uso. Simama, zima, subiri mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono.

"Maji ya ziwa ni safi, tia tu kwenye rejeta."

Safi kwa macho, ndiyo. Lakini Ziwa Tanganyika lina maji yenye magamba: alkali yake inakaribia pH 9 na magnesiamu ni nyingi. Yakichemka huacha utando mweupe, uleule unaouona ndani ya birika, nao unaziba mirija myembamba ya rejeta. Ukikwama njiani, tia ufike nyumbani. Ukifika, yamwage, utie kulanti au maji ya mvua uliyokinga moja kwa moja ndani ya beseni safi la plastiki, si yaliyopitia bati la paa.

Betri: uongo wa aina tatu kwa pamoja

Wa kwanza ni kwamba betri ikiwekwa sakafuni juu ya saruji inakufa. Zamani ilikuwa na ukweli, maana maboksi ya betri yalikuwa ya mbao na umeme ulivuja kupitia unyevu. Betri ya leo ni ya plastiki. Haijui imewekwa juu ya saruji au juu ya meza. Inakufa kwa sababu imekaa miezi bila kuchajiwa.

Wa pili: ikipungua, ongeza asidi. Kinachopotea ni maji tu, asidi inabaki. Ukiongeza asidi, itazila bati za ndani. Ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa.

Wa tatu unatendeka kila siku garajini: kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma ili "kupima" altenata. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altenata. Ukiichomoa, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza daiodi za altenata au kompyuta ya gari. Tumia mita ya umeme. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6. Likiwaka, lazima isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12, altenata haichaji au mkanda umelegea.

"Gari la sindano huwezi kulisoma bila kompyuta."

Kwa Toyota za sindano (EFI) za miaka ya mwanzo ya 1990, kama Corolla ya E100, uongo mtupu. Fungua boneti utafute kiboksi kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake matundu yametajwa majina. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Ile taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka mfululizo, kompyuta haina malalamiko. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. 31 ni kipimo cha hewa inayoingia, 41 ni sensa ya kwenye mdomo wa hewa.

Hapa watu hukimbilia kununua. Namba 22 haisemi "sensa imekufa". Inasema njia ya umeme ya sensa hiyo ina kasoro, na mara nyingi ni waya uliokatika au plagi yake iliyoshika kutu. Safisha kwanza. Ukimaliza, zima ufunguo, chomoa fyuzi ya EFI nusu dakika, irudishe, usome upya. Angalia tu usiguse tundu la +B, utaunguza fyuzi.

"Petroli ya Kadhafi ni ileile."

Inategemea Kadhafi gani. Hao Kadhafi, wauza petroli wa chupa barabarani, wanatufaa sana huku, lakini chupa moja haifanani na nyingine. Iache itulie dakika chache: maji yatakaa chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila alama. Mafuta ya taa huacha doa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ndiyo hufanya injini igonge ikipanda, na bujii, au plagi, hulaumiwa bure.

Za haraka

Oili nyeusi ni mbovu? Si lazima, ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Moshi wa bluu unamaanisha oili inaungua? Kweli. Moshi mweusi? Petroli nyingi au hewa kidogo, na kwa vumbi la kiangazi la barabara hii anza na filta ya hewa. Taa za gari la usukani wa kulia hupofusha wanaokuja? Kweli: mwanga wake wa chini umeinuliwa upande wa kushoto, na Kongo tunapita kulia. Zishushe kwa skrubu ya nyuma ya taa, usiku, mbele ya ukuta.

"Maji ya breki yakikosekana, oili kidogo itafanya kazi."

Huu ndio wa kuogopa. Maji ya breki, DOT 3 au DOT 4, hayana undugu na oili ya injini. Oili huvimbisha raba za breki. Pedali inagoma au inazama mpaka chini. Hata maji halisi huzeeka, maana hunyonya unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, iliyolowa huchemka karibu na 140. Yabadilishe kila miaka miwili, na ukiteremka kutoka Fizi tumia gia ndogo, usining'inie kwenye pedali. Kama mtu alishatia oili, kuimwaga hakutoshi. Raba zote zibadilishwe na mirija isafishwe, na mpaka hapo gari lisitoke uani.