Bahati na Nuhusi katika Mji wa Shaba

Katika nyumba nyingi za mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi, jua likisha kuchwa ufagio hauguswi tena, na binti akisahau akaushika, mama yake humwambia auweke pembeni hata asubuhi, kwani afagiaye usiku huitoa baraka ya nyumba nje pamoja na taka. Kiganja kikiwasha, mwenyewe hufurahi akitazamia fedha. Na mtu akijikwaa mguu wa kushoto wakati anapotoka kwenda kuomba kazi, moyo wake huingia shaka, na pengine hurudi ndani aketi kidogo kabla ya kuondoka tena. Watu hawa si wajinga. Miongoni mwao wamo mafundi wa mitambo, walimu na wauguzi, ambao hawana hoja ya kuzithibitisha itikadi hizi wala hawana ujasiri wa kuziacha. Itikadi iliyodumu namna hii inastahili kuulizwa asili yake kwa adabu kabla ya kuhukumiwa.

Baadhi ya asili hizo haziko mbali. Usiku wa wazee wetu ulikuwa giza tupu, na mwanga wa kibatari haukufika katika pembe za chumba; sarafu au ushanga ulioanguka mchana ulifagiliwa usiku ukapotea jaani, na hasara hiyo ilikuwa hasara ya kweli. Katika pwani ya Waswahili wenye maduka wengi walikataa kuuza sindano baada ya magharibi, na hapo pia hekima haijifichi, maana sindano ipoteayo gizani huonekana tena katika unyayo wa mtu. Sababu ilipokwisha kusahauliwa, katazo lilibaki peke yake, likavikwa vazi la nuhusi ili lizidi kuogopwa.

Bundi naye ana kisa chake. Manyoya yake ni laini kiasi cha kuruka bila sauti, na chakula chake ni panya, kwa hiyo hupenda mapaa ya nyumba na makaburi yenye nyasi, ambako panya hawakosi. Lakini jambo lililomharibia jina ni hili: nyumba yenye mgonjwa hukesha, na akeshaye ndiye amsikiaye bundi; nyumba zenye afya zimelala, na bundi akilia juu ya mapaa yake hapana mtu wa kumsikia. Mgonjwa akifariki, kilio cha ndege yule hukumbukwa miaka mingi. Akipona, husahauliwa siku ya pili. Ndivyo akili ya binadamu inavyoandika hesabu ya bahati, ikitia katika daftari yale yaliyotimia na kuyaacha nje yale yasiyotimia, na hesabu ya namna hiyo haikosi kuthibitisha kila inachotaka.

Lubumbashi ulikuwa mji wa kuzikusanya itikadi hizi kuliko miji mingi ya bara letu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika hapa na mji ukaasisiwa kwa jina la Élisabethville. Na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa katika tanuri kubwa ambalo bomba lake la moshi lingali limesimama. Wafanya kazi waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, wakapangwa pamoja kambini, na kila mmoja alikuja na fali njema na fali mbaya za kwao. Wagiriki na Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliokuja kufanya biashara nao walitoka katika nchi ambako watu huvaa ushanga wa buluu kwa kujikinga na jicho la hasidi. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kutangulia, kwa njia ya misafara iliyofika Bunkeya kwa Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, aliyetawala dola ya Garenganze mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Lugha hiyo ilitoka pwani, ambako masheikh walipiga falaki kwa hesabu ya herufi za jina la mtu na jina la mama yake, na ambako Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar ilihesabiwa na wengi kuwa siku ya nuhusi.

Hata hivyo, itikadi ya bahati iliyo kongwe kabisa katika nchi hii haikuletwa na reli wala na msafara. Ilizaliwa pamoja na shaba. Karne nyingi kabla ya Wazungu, mafundi wa Katanga walichimba mawe ya kijani, wakajenga matanuri kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta mivuo ya ngozi, na shaba iliyoyeyuka wakaimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha na kama mahari. Imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ilikolazwa pamoja na maiti. Na mitatu kati yake ilitiwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Kazi ya kuyeyusha ilizungukwa na miiko. Fundi mkuu alitoa dawa na kuwaomba wahenga, na mafundi wote walijitenga na wake zao mpaka kazi itimie, kwa sababu tanuri lilihesabiwa kuwa kama mke aliye katika uchungu wa kuzaa.

Anayeziona desturi hizi kuwa upuuzi na atafakari hali ya fundi yule. Shaba huyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,080, na yeye hakuwa na chombo cha kulipima ila macho yake na rangi ya moto. Makaa yakiwa na unyevu, upepo ukigeuka, mawe yakiwa dhaifu, au mvukutaji mmoja akisinzia, kazi ya miezi ilipotea katika usiku mmoja. Palipokuwa na hatari nyingi zisizotawaliwa, miiko ilimpa mtu kitu cha kutawala, yaani nafsi yake. Na mwiko uliowazuia mafundi kwenda majumbani ndio uliowaweka macho kando ya moto. Basi katika asili yake bahati haikuwa badala ya kazi. Ilikuwa adabu ya kazi.

Mambo yaligeuka utajiri ulipoacha kutoka katika mikono ya fundi aonekanaye. Shaba ya Élisabethville iliyeyushwa na watu wa hapa, lakini bei yake ilikatwa London, faida yake ikagawanywa Brussels, na mchimbaji aliona mshahara tu, unaokuja au kukatwa kwa amri isiyo na uso. Huko ndiko iliko asili ya itikadi mashuhuri kuliko zote za mji wetu, nayo ni itikadi ya Mamba Muntu.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Lubumbashi walizunguka mitaani na picha zilizopakwa rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakauza nyumba kwa nyumba, na wenyeji wakazitundika katika chumba cha wageni. Watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walioishi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, walizikusanya na kuzichungua, na Tshibumba Kanda Matulu, aliye mashuhuri kuliko wachoraji wenziwe, alijulikana duniani kwa sababu ya kazi hiyo. Miongoni mwa picha zilizopendwa sana ilikuwamo hii: mwanamke ameketi kando ya maji, mweupe wa ngozi, nywele ndefu zimemwagika mabegani, saa iko mkononi, nyoka yu karibu naye, na kuanzia kiunoni kwenda chini yeye ni samaki. Yasemwa kwamba mwanamume akibahatika kupata unywele wake au kitana chake, Mamba Muntu humjia katika ndoto kukiomba, na badala yake humpa mali nyingi. Lakini mali hiyo ina masharti. Mtu hana ruhusa ya kuitoa siri, na mara nyingi hutakiwa alipe kwa maisha ya jamaa yake wa karibu.

Sura hii ilisafiri njia ndefu. Ndugu yake wa Afrika ya Magharibi ni Mami Wata, na sura ya Mami Wata ilipata nguvu kwa picha ya mwanamke mchezesha nyoka iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, ikavuka bahari pamoja na mabaharia na wafanya biashara, na mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay nakala 12,000. Katanga ilimpokea kwa urahisi kwa kuwa nyumba yake ilikuwa tayari: Waluba walijua tangu zamani kwamba mizimu mikubwa hukaa katika maziwa na chemchemi, na mamba aliogopwa katika kila mto. Lakini watu wa mji walitia katika picha ile habari yao wenyewe. Walisema kwa rangi kwamba utajiri wa siku hizi hutoka mahali pasipoonekana, una ngozi nyeupe na saa mkononi, hupenda siri, na mtu hawezi kuushika bila kuwapoteza jamaa zake. Mwenye kuiita habari hiyo hadithi ya wajinga hajaisoma vizuri, maana ni mashtaka yaliyopangwa kwa akili.

Hata hivyo, insafu inanilazimu kutaja upande wa pili. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapa kitabu chake juu ya Wazande, ambao wengi wao wakaa kaskazini ya nchi yetu ya Kongo, akaeleza habari ya ghala liangukalo juu ya watu waliojipumzisha kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa waliila miti ya ghala. Wanalouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Na jibu lao ni kumtafuta mchawi. Swali la namna gani likigeuzwa kuwa swali la nani, itikadi ya bahati huacha kumfariji mtu, ikaanza kumsaka jirani yake.

Jambo hilo limetupata sisi. Kampuni ya Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu mwaka 1967, ilitoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wake wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mali ya kampuni ikaliwa na wakubwa na mitambo ikachakaa. Na mwaka 2003 shaba iliyotoka haikufika tani 20,000. Tangu mwaka huo wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mkosi ule ulikuwa na sababu zijulikanazo, tena zenye tarehe na sahihi za watu. Lakini katika nyumba ambayo baba amerudi bila mshahara na mama ameugua, kulikuwa na wasemaji wa dini na waganga waliomwonyesha kidole mtoto, aghalabu yatima, mtoto wa kambo au mtoto mwenye kilema, wakasema kwamba yeye ndiye mlozi aliyefunga riziki ya nyumba. Na watoto walifungwa, walinyimwa chakula, walifukuzwa wakalale sokoni. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumshutumu mtoto kwa ulozi katika kifungu chake cha 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 imeweka adhabu. Sheria hizo ni njema, ila hazitoshi kama fikira hazijageuka.

Tusizidharau itikadi za wahenga, kwa kuwa zimehifadhi adabu ya mafundi, hofu za usiku na hukumu ya maskini juu ya mali ya siri. Tuwasimulie watoto wetu itikadi hizo kwa fahari, pamoja na asili zake. Lakini nyumba ikipatwa na msiba, swali la kwanza liwe jambo hili limetukia namna gani, kwa maana swali hilo lina majibu yanayoweza kuchunguzwa, na halimdhulumu mtu. Mtoto aliyefukuzwa kwa ajili ya mkosi wa baba yake hakuuleta mkosi ule. Wajibu wetu ni kumrudisha nyumbani, kisha kwenda pamoja kuwauliza waliokuwa na funguo za hazina shaba ile ilikwenda wapi.