Maua ya Altare na Majira ya Bariadi



Wakatekumeni wengi huuliza: Kwa nini nchi ya Bariadi ikijaa maua altare huachwa tupu, na nchi ikikauka padre huvaa kijani? Swali hili ni jema, nasi twalijibu.

Kanisa lina rangi zake: nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na kwa mashahidi, kama wale wa Uganda tunaowakumbuka tarehe 3 Juni, zambarau kwa Majilio na Kwaresima, kijani kwa Kipindi cha Kawaida. Yafaa maua yapatane na rangi hizo. Tena yawe ya kiasi, nayo yawekwe kando ya altare wala si juu yake, kwani juu yake ni mahali pa sadaka.

Katika Kwaresima maua hayawekwi, isipokuwa Dominika ya nne, na siku za sherehe na sikukuu. Kwa mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, Dominika ya nne ni 15 Machi, na Pasaka ni 5 Aprili. Kwetu hayo ni majira ya mvua, na pamba huchanua. Basi altare tupu ni mfungo wa macho: twajinyima kilicho tele, ili tukitoe kwa furaha siku ya Pasaka. Lakini ua la pamba lisichumwe kamwe. Leo ni jeupe, kesho lina rangi ya waridi, kisha hufanya tumba. Alichumaye amechuma daftari la mwanawe.

Kijani hurudi baada ya Pentekoste, hata Majilio. Kwetu sehemu kubwa ya muda huo ni kiangazi. Vijito hubaki mchanga, na watu huchimba humo wapate maji. Hapo mama asitumie kwa maua ndoo aliyojitwika kutoka mbali. Matawi ya mwarobaini na ya mwembe hubaki mabichi, machache yatosha. Minyaa ya maboma msiikate, maana utomvu wake hudhuru macho.

Wala asiye na ua asione haya. Maji apewayo mgonjwa mwenye kiu ni pambo ambalo Bwana hulipokea katika majira yote.