Moyo na Saa za Alfajiri

Mshtuko wa moyo hauji ovyo. Una saa zake. Mwaka 1985 Daktari James Muller na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hutokea zaidi baina ya saa 12 asubuhi na adhuhuri. Saa 3 asubuhi huwa mara tatu ya saa 5 usiku. Mtu aamkapo, shinikizo la damu hupanda, nayo damu huganda kwa wepesi. Katika nchi za baridi, majira ya kipupwe huzidisha vifo.

Sisi wa visiwani huamka alfajiri kwa sala, ngarawa na shamba. Basi mwenye maumivu ya kifua asingoje jua lipande. Nao viongozi wetu hawana budi kuhakikisha boti na gari la wagonjwa viko tayari saa hizo. Moyo hausubiri ofisi ifunguliwe.