KWA NINI VIWANDA HUTII SHERIA ZA MAZINGIRA

Sheria ya mazingira haitekelezeki kwa kuchapishwa katika Gazeti Rasmi peke yake. Mwenye kiwanda au hoteli anayetakiwa kusafisha maji machafu kabla ya kuyamwaga hupima kwanza gharama ya kutii na hasara ya kukaidi.

Mwaka 1968 mwanauchumi wa Marekani, Gary Becker, alieleza kuwa mtu hulinganisha faida ya kuvunja sheria na ukubwa wa adhabu pamoja na uwezekano wa kukamatwa. Kwa hesabu hiyo, penye wakaguzi wachache na faini ndogo, wakaidi wangekuwa wengi. Hata hivyo, mwaka 1988 Winston Harrington alionesha kuwa nchini Marekani ukaguzi ulikuwa haba na faini ni chache, na bado viwanda vingi vilitii. Maelezo yake ni kwamba kiwanda kilichokutwa na kosa huweza kuwekwa chini ya ukaguzi mkali zaidi, na mwenye kiwanda huchelea kuingia katika kundi hilo.

Sababu ya pili ni khabari za jirani. Jay Shimshack na Michael Ward, katika utafiti wa mwaka 2005 juu ya viwanda vya karatasi vya Marekani, walibaini kuwa faini moja ilipunguza makosa ya jimbo zima kwa takriban theluthi mbili katika mwaka uliofuata. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sababu ya tatu ni kuchunga jina. Mwaka 1995 Serikali ya Indonesia ilianza kuvipanga viwanda kwa rangi tano, kuanzia dhahabu kwa vilivyo bora hadi nyeusi kwa vilivyo vibaya kabisa. Viwanda vilivyokuwa nyuma vilipewa muda wa kujirekebisha kabla ya matokeo kutangazwa hadharani.

Hapa Zanzibar, Sheria Namba 3 ya mwaka 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Mafunzo haya yanaonesha kuwa kazi ya ukaguzi haihitaji mkaguzi katika kila mlango. Inahitaji kumbukumbu za makosa zinazotunzwa, adhabu isiyobagua, na matokeo yanayojulikana na wote. Maji machafu yakifika pwani, wa mwanzo kupata hasara ni mvuvi na mkulima wa mwani, ambao hawakushirikishwa katika hesabu ya mwenye kiwanda.